Maswali yenu kuhusu kanisa la Conques

Makala iliyopita niligusia kanisa la Sainte-Foy, lililoko Conques, kijiji cha mlimani kusini mwa Ufaransa. Mmeuliza mengi, najibu machache.

Kijiji kidogo vile kilipataje kanisa kubwa namna ile?

Kwa wizi. Karne ya 9 mtawa wa Conques alikwenda mji wa Agen, akaishi na watawa wa huko kama mwenzao, hadi alipopata mwanya wa kuiba mifupa ya Mtakatifu Foy (ndiye Sainte-Foy), binti aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Hivyo ndivyo watawa walivyosimulia wenyewe, tena bila haya. Masalia yakavuta mahujaji, mahujaji wakaja na sadaka, na Conques ikawa kituo kwenye njia ya kutoka mji wa Le Puy kwenda Santiago de Compostela, mahali pa hija huko Hispania. Katikati ya karne ya 11 abati (mkuu wa watawa) Odolric akaanza kujenga kanisa hili.

Ramani yenyewe inaonyesha umati ulikuwa mkubwa. Njia za pembeni zinazunguka mpaka nyuma ya altare, hivyo msafara ungeweza kupita kanisa zima bila kuwakatiza watawa kwenye sala.

Dari lote ni la mawe. Mbona halikusukuma kuta zikaanguka?

Swali zuri kuliko yote. Dari lile ni kama mtumbwi uliopinduliwa, liko juu zaidi ya mita 20, na uzito wake unazisukuma kuta nje mchana na usiku. Huoni mikono ya mawe ya kuzishikilia kwa nje, kama ya makanisa ya Kigothi, mtindo uliokuja baadaye. Waashi walijenga roshani juu ya njia za pembeni, wakaziezeka kwa matao ya robo duara yanayoegemea ukuta kutoka kila upande, kama watu wawili wanaozuia mlango kwa mabega. Gharama yake ni giza: juu, chini ya dari, hakuna madirisha, na mwanga lazima upitie kwenye roshani kwanza. Hata hivyo, kuba la katikati liliwashinda. Lililopo sasa, lenye mbavu za mawe, ni la karne ya 15.

Kwa nini mawe yana rangi mbalimbali?

Sehemu za kwanza, upande wa mashariki, zina mawe mekundu ya mchanga. Baadaye mafundi wakahamia mawe ya chokaa ya manjano. Ukifuata rangi unafuata ujenzi.

Sanamu za mlangoni zinasimulia nini?

Hukumu ya Mwisho, watu 124, kazi ya karne ya 12. Mfalme Charlemagne yumo upande wa waliookoka, lakini anaongozwa kwa mkono kama mtoto. Upande wa pili, mtengeneza fedha bandia yumo motoni. Mimi huwapenda zaidi wale wadogo wanaochungulia kwenye ukingo wa tao.

Na minara miwili ya mbele?

Vilele vyake ni vya karne ya 19. Usidanganyike.

Madirisha hayana picha. Yalivunjwa?

Hapana. Mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez, si mbali na hapo, aliyabuni yote 104. Yalizinduliwa mwaka 1994. Kioo hakina rangi wala hakionyeshi nje, ila kinapokea rangi za saa: asubuhi hivi, jioni vingine.