Re: Deco ya chumbani inaonyesha wifi imejaa lakini video zinakwama

Salama mkuu. Kama Deco M4 (kifaa cha TP-Link cha kusambaza wifi nyumbani kikishirikiana na wenzake) ya sebuleni inakimbia na ya chumba cha nyuma inagoma huku wifi imejaa, angalia kwanza ulipoiweka. Simu inasoma nguvu ya kifaa kilicho karibu nayo, sio mawasiliano ya Deco kwa Deco. Kuta za tofali za saruji zinakula sana 5 GHz (mawimbi ya wifi yenye kasi ila yasiyofika mbali). Itoe chumbani, iweke koridoni juu ya kabati, ili kati yake na ile ya sebuleni kuwe na mlango, sio ukuta. Ukiweza kuvuta waya wa LAN (waya wa mtandao) kati ya Deco hizo mbili, vuta kabisa!

Halafu kama ruta ya kampuni ya intaneti bado inagawa IP (anwani za vifaa kwenye mtandao), weka Deco kwenye hali ya Access Point (isambaze wifi tu, isigawe IP) ndani ya programu yake ya simu, ili kusiwe na mitandao miwili. Kwangu printa haikuonekana mpaka nilipofanya hivyo.