Kushuka Chini? Kwani Kuna Kushuka Juu?

SWALI: Mimi ni fundi baiskeli hapa Newala. Katika mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani, mtangazaji alisema waendeshaji "wanashuka chini" mmoja mmoja kutoka kileleni. Mwenzangu anasema hizo ni "mbio za mteremko". Nani kapatia? Na zile wanazoanza wote pamoja tuziiteje?

JIBU: Mwenzako kapatia. Mteremko umetokana na teremka, na mchezo wenyewe ndio huo: kila mmoja anaachiwa peke yake, saa inahesabu, mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye bingwa.

Linalonikera ni hilo "chini". Kushuka kunajua kwenda kwake. Msimamishe mtu ukingoni mwa Shimo la Mungu, hapohapo kwenu, bonde la Ruvuma limetandaa mbele yake, umwambie "shuka". Atakuuliza apite njia ipi, basi. Abiria wa basi la Masasi akiita "Mnazi Mmoja, shusha!", hakuna konda anayemuuliza ashushwe juu au chini. Lakini mtangazaji wetu hatosheki: anashuka chini, anapanda juu, anarudi tena nyuma. Na hizi ni mbio za dakika mbili hadi tano hivi, ushindi huamuliwa kwa vipande vya sekunde! Akimaliza kutamka "chini", mwendeshaji keshavuka mawe na mizizi ambayo sisi wasikilizaji tulitaka kusimuliwa.

"Kaa chini" naikubali, maana kukaa ni kuishi pia, lazima mtu abainishe. "Panda juu ya paa" nayo sawa, imetaja mahali. Hata bibi anayemwona mjukuu kwenye tawi la mwisho la mkorosho akapiga kelele "shuka chini!" namwachia, moyo umemruka. Mwenye kipaza sauti mkononi hana udhuru huo.

Zile za kuanza pamoja zina jina tayari kwenye riadha: mbio za nyika. Sema mbio za nyika za baiskeli. Wanazunguka njia ileile mara kadhaa, wakipanda na kushuka, na anayetangulia kumaliza ndiye mshindi. Zimo Olimpiki tangu Atlanta, 1996. Mteremko haumo, ingawa mashindano rasmi ya dunia yalipoanza Durango, Marekani, mwaka 1990, zote mbili zilishindaniwa. Ukikuta waendeshaji wanne wanaachiwa kwa pamoja kuteremka, huo uite mteremko wa wanne.