Dharura za macho hufuata msimu: nini cha kutarajia na cha kuandaa

Mkuu, umeuliza kama ni kweli hali ya hewa ndiyo inayojaza wagonjwa wa macho kwenye zahanati yenu huko Dodoma vijijini kuanzia Mei, halafu wakati wa mvua wanabaki wawili watatu kwa wiki. Ni kweli, ila upepo wenyewe hauumizi sana. Hali ya hewa humpeleka mtu kwenye kazi, na kazi ndiyo inayoumiza jicho.

Mei hadi Julai ni mavuno: jani la hindi, makapi ya mtama, bua. Hapa ndipo macho yanapopotea, nawaombeni sana mpatilie mkazo. Jani likikwaruza kioo cha jicho (utando angavu wa mbele) linaweza kupandikiza fangasi. Mgonjwa anahisi mchanga tu, anapita dukani, anapewa matone yenye deksamethasoni, yaani steroidi. Wekundu unapungua, anaona amepona, kumbe fangasi wanazidi kula chini kwa chini. Anakuja kwenu baadaye ana doa la kijivu lenye kingo kama nyuzi za pamba. Huyo ni rufaa siku hiyohiyo. Anahitaji natamaisini 5%, matone ya kuua fangasi, mwanzoni kila saa.

Kwa anayewahi, kwanza pima uwezo wa kuona, kila jicho peke yake, kabla hujaweka dawa yoyote. Weka fluoresini, ile rangi ya kupimia jicho, mulika taa ya bluu. Mkwaruzo utang'aa kijani. Ukiona mistari kadhaa ya kusimama, pindua kope la juu: kibanzi kimejificha ndani yake, kama milimita 2 kutoka ukingoni, na kila akipepesa kinachora upya. Kitoe kwa pamba iliyolowa maji ya chumvi, mpe tetrasaiklini 1% ya kupaka, ambayo ni antibiotiki, na umtazame tena kesho yake. Jicho lililochomwa na mmea usilifunge bandeji. Matone ya ganzi yasitoke nje ya chumba chako, maana yanazuia kidonda kufunga.

Agosti hadi Oktoba vumbi linaleta wengi, lakini wengi wao ni wepesi. Wa kuogopa ni mafundi, kwa sababu kiangazi ndiyo msimu wa kujenga. Chokaa na saruji havisubiri kuandikishwa kadi: osha hapohapo kwa maji safi yasiyopungua lita 2, dakika 30, huku umepindua kope na kutoa chembe zote.

Mvua zikianza wadudu huzidi. Yule mwembamba mwenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa, Wakenya wanamwita nzi wa Nairobi, haumi. Sumu hutoka akipondwa, na kope huvimba siku moja au mbili baadaye. Mpulize aondoke, kisha osha ngozi alipokuwa kwa sabuni. Pwani nako joto na unyevu vina madhara yake. Januari 2024 Dar es Salaam ilikumbwa na macho mekundu ya virusi, ambayo antibiotiki haiyatibu.

Sasa hao wawili watatu wa wakati wa mvua msiwachukulie kuwa ni nafuu. Makorongo yamejaa, bodaboda hazipiti, watu wanakaa na jicho nyumbani. Ongezeni safu moja kwenye rejista: siku ngapi tangu aumie. Mtakuta Februari ni wachache, lakini wamechelewa kuliko wa Juni.