Maswali Yenu: Pleni ya Intaneti, Mkahawa wa Kilimani na Wasanifu wa Mapango

Mwezi huu barua ni za mjengo tu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: hizi studio ndogo za usanifu majengo, zile za watu watatu wanne kwa ofisi moja juu ya duka, zinafanya nini hasa mpaka ziitishe pesa? Mimi nafanya kwa studio kama hiyo hapa Nairobi, tunachora nyumba za watu, maduka, na mara moja moja stendi za maonyesho, kwa hivyo nitajibu venye kazi huwa kwa saiti.

SWALI: Niko na ploti ya futi 50 kwa 100 Ruai, nimeilipia pole pole mpaka taito ikatoka. Binamu yangu amenitumia pleni ya bangaloo ya vyumba vitatu, ameitoa kwa intaneti, ni poa na ni ya bure. Fundi ameiangalia akasema anaiweza, tuchimbe msingi kabla mvua. Sasa kuna studio ndogo nilienda tu kuuliza, wakasema lazima wachore upya na wanataka pesa, tena eti kwanza waone ploti. Kwani naibiwa? Mwenye ploti, Ruai

JIBU: Huibiwi ndugu yangu, na hiyo ya kutaka kuona ploti kwanza ndiyo ingenifanya mimi niwaamini.

Ruai, sawa na Kamulu na sehemu kubwa ya Embakasi, iko juu ya udongo mweusi, ile blaki kotoni kila fundi anaijua. Udongo huu ukinyeshewa unafura, ukikauka unajikunja, na shida kubwa ni kwamba haufanyi hivyo sawasawa chini ya nyumba yote, kwa sababu maji ya mvua yanaingia pembeni na katikati chini ya slabu, ile sakafu ya zege, kunabaki kukavu, so upande mmoja wa nyumba unainuliwa na mwingine unabaki pale pale, na ukuta wa mawe haujui kupinda, unapasuka. Tembea kwa estate yoyote ya upande huo uangalie kona za madirisha. Ufa unaanzia kwa kona ya dirisha, unashuka kama ngazi ukifuata simiti kati ya jiwe na jiwe mpaka chini kwa sakafu. Mwenye nyumba anauziba na kupaka rangi wakati wa kiangazi, mvua ya Machi mpaka Mei ikija, ufa unafunguka tena pale pale.

Pleni ya intaneti haijui hayo yote. Pengine ilichorewa mtu wa Kikuyu ama Limuru mwenye udongo mwekundu, pengine hata haikuchorewa Kenya. Mtu anayejua kazi akifika kwa ploti yako, kabla hata hamjaongea jiko likae wapi, anachimbisha shimo. Moja ama mawili, hapo hapo nyumba itakalia, mpaka mfikie murram ama mwamba, mnapima udongo mweusi umeshuka futi ngapi, halafu injinia ndio anaamua msingi. Kama haujashuka sana unatolewa wote, na nikisema wote sio kwa mitaro ya kuta peke yake, hata pale slabu italala, kisha panajazwa murram na hadikoo, yale mawe ya kujazia, inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka, sio lori kumwaga mara moja na watu wakatembea juu. Kama umeenda chini kabisa, injinia anaweza kukuambia heri slabu moja nzito inayobeba nyumba nzima, ama nguzo zinazoshuka mpaka pagumu. Hizi njia zote bei zake ni tofauti sana, na ni afadhali ujue uko kwa ipi ukiwa bado na karatasi mezani kuliko ujue wakati mitaro iko wazi na vibarua wanangoja.

Jambo la pili ni jua. Nairobi tuko digrii moja na kitu kusini ya ikweta, kwa hivyo nusu ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini wa paa lako na nusu ingine upande wa kusini, lakini asubuhi na jioni siku zote linakuja chini chini kutoka mashariki na magharibi, na hilo la chini ndilo paa haliwezi kuzuia hata ulitokeze namna gani. Ukiona ile pleni ina sebule yenye kioo kikubwa, na kwa ploti yako hicho kioo kitaangalia magharibi, basi Februari saa kumi jioni hamtakaa hapo, mtafunga pazia na kuwasha fan. Kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini kama ploti inaruhusu. Huko magharibi weka stoo, choo, ngazi. Vyumba vya kulala vikipata jua la asubuhi ni vizuri maana Julai ya Nairobi mnaijua nyote. Na kumbuka 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30 tu, ukitoa nafasi ya barabarani na ya majirani haibaki kubwa, saa zingine pleni ya binamu haiwezi hata kuzungushwa ikatoshea.

Halafu maji, na hapa nakusihi sana kwa sababu kwa udongo wako maji na msingi ni kitu kimoja. Milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ya paa ni lita moja. Nairobi hupata karibu milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, kwa hivyo paa la mita mraba 120, hata ukipoteza mengine njiani, linakupa zaidi ya lita 80,000 kwa mwaka. Ukiyakusanya umejisaidia na mgao wa maji. Ukiyaacha yadondoke kando ya ukuta bila gata, ule mfereji wa ukingo wa paa, yanaingia kwa ule udongo mweusi na kuufurisha hapo hapo karibu na msingi. Kwa hivyo gata, tangi mahali pake palipochorwa, na ukanda wa zege kuzunguka nyumba ulioinamia nje, hizi sio urembo wa kuongeza baadaye mkipata pesa.

Fundi wako namheshimu, mafundi wetu wanajua kulaza jiwe kuliko wengi wetu tuliosoma. Lakini fundi anajenga kile kimechorwa, na kama kilichochorwa hakijui Ruai, ufundi wake hautakuokoa.

SWALI: Kuna kijana anachora vizuri sana na kompyuta, amesema ataniletea pleni ya flati ya ghorofa nne kwa bei ya chini halafu "atatafuta muhuri". Itapita kaunti? Mama wa Kasarani

JIBU: Mama, inaweza hata kupita, na hapo ndipo ninapoogopa. Huo unaitwa muhuri wa kukodi: msanifu aliyesajiliwa anapiga sahihi kwa michoro ambayo hakuichora na kwa ploti ambayo hajawahi kuikanyaga. Siku ukuta ukileta shida hutampata, maana hata yeye hajui jengo liko wapi.

Wasanifu wanasajiliwa na bodi inayoitwa BORAQS chini ya Sheria Sura ya 525, na mahandisi na Bodi ya Mahandisi. Omba jina na namba ya usajili, angalia kama yumo kwa orodha ya bodi, halafu mpigie yeye mwenyewe simu umuulize kama anaijua kazi yako. Hiyo simu ni ya dakika mbili. Kisha mradi uandikishwe na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, na kontrakta naye awe na leseni yake huko. Najua watu wanaona haya yote ni kusumbuliwa. Lakini sisi wa Nairobi tuliona Huruma, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita likaanguka na watu zaidi ya 40 wakafa ndani ya vyumba walivyokuwa wanalipia kodi. Ghorofa nne zako zitalaliwa na watoto wa watu. Huyo kijana kama anachora vizuri kweli mwambie atafute studio imchukue afanye chini ya mtu aliyesajiliwa, atajifunza na wewe utakuwa salama.

SWALI: Mimi na dada yangu tumepata nyumba ya zamani Kilimani, ya mawe na paa la vigae, tunataka kuifanya mkahawa. Landlodi amekubali na ametupa lisi ya miaka 5 na miezi 3. Tunataka kubomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia ili iwe wazi. Tunaanzia wapi? Wapishi wawili

JIBU: Hongereni dada zangu, lakini nyundo ikae chini kwanza.

Nyumba ya kuishi haigeuki mkahawa kwa sababu landlodi amesema sawa. Lazima kaunti ikubali kubadilisha matumizi ya hiyo ploti, na ombi linapita kwa mwenye taito, sio nyinyi. Muulizeni kama alishafanya. Kama hajafanya, andikeni kwa lisi kwamba ni jukumu lake na kodi isianze kuhesabiwa kabla kibali kutoka, kwa sababu nimeona wapangaji wakilipa kodi ya nyumba tupu wakingoja karatasi ya mtu mwingine.

Ukuta sasa. Kwa hizi nyumba za zamani za mawe, mara nyingi hakuna nguzo, ni kuta zenyewe zinabeba paa, na vigae ni vizito mara kadhaa kuliko mabati. Huo ukuta wa katikati unaweza kuwa ndio umeshika mbao za paa. Injinia apande darini aangalie kwa macho yake. Akisema unabeba, bado mnaweza kupata uwazi, mnafungua sehemu tu na kuweka bimu juu, paa likiwa limeegemezwa vizuri wakati wa kazi.

Pesa zenu wekeni jikoni na kwa dreni. Najua kila mtu anataka taa za kuning'inia na ukuta wa kupigia picha, lakini mkahawa unafungwa kwa sababu ya mafuta kuziba sewa na moshi kuingia kwa dirisha la jirani. Mtego wa mafuta ukae mahali unaweza kufunguliwa na kusafishwa bila kupita katikati ya wateja. Bomba la moshi lipande mpaka juu ya paa. Mitungi ya gesi ikae nje kwa kizimba chenye hewa. Choo cha wateja kiwe mbali na mlango wa jiko, na kuwe na njia ya mtu wa kiti cha magurudumu kuanzia getini mpaka mezani, sio ngazi tatu na msichana wa kusaidia kubeba.

Kile ningeacha jinsi kilivyo ni sakafu ya mbao kama bado iko, inasuguliwa tu na kupakwa vanishi, na miti ya nje. Kama kuna jakaranda kwa kompaundi, meza nane chini yake ni ukumbi ambao hamkuujenga. Na hesabuni kila shilingi mnayopigilia kwa nyumba ya mtu mkijua mna miaka 5 na miezi 3 ya kuirudisha, vitu vya kushikana na ukuta viwe vichache, vya kubebeka viwe vingi.

SWALI: Nasomea usanifu mwaka wa pili. Nilimwambia baba nataka kufanya kazi kama ya wale wa mapango waliopeleka maonyesho Venice, akaniuliza hiyo ni kazi ama ni sanaa. Nimjibu nini? Mwanafunzi, Juja

JIBU: Unaongea juu ya Cave_bureau, studio ya hapa hapa Nairobi iliyoanzishwa 2014 na Kabage Karanja na Stella Mutegi. Wao wanaingia kwa mapango, wanayapima, wanayachora kwa makini kama vile jengo lingechorwa. Mengine ni yale wapiganaji wa Mau Mau walijificha, mengine ni ya Shimoni kule Pwani yenye historia ya watumwa. Mwaka wa 2021, kwa maonyesho ya usanifu ya Venice kule Italia ambapo nchi nyingi huwa na banda lake, walitundika vipande vya obsidiani, mawe meusi kama kioo, kutoka juu wakifuata umbo la dari la pango la Mbai, moja ya yale ya Mau Mau, na 2025 wakawa kati ya waliosimamia banda la Uingereza huko huko.

Mwambie baba ni kazi. Kupima pango lisilo na ukuta ulionyooka hata mmoja ni kugumu kuliko kupima ploti ya Ruai, na mtu anayeweza hilo anaweza kupima lolote. Halafu kuna ile sababu ingine naiamini sana: tumefundishwa kwamba usanifu wa kuheshimiwa ulikuja na meli, na hawa wanatuonyesha kwamba watu wetu walikaa, wakaficha, wakapanga mambo makubwa ndani ya nafasi ambazo hakuna mtu alikuwa amezichora.

Lakini pia umwambie ukweli wa pesa. Maonyesho hayalipi kodi ya ofisi kila mwezi, studio nyingi ndogo zinashikiliwa na nyumba za watu na maduka. Anza karibu. GoDown Arts Centre ilianza 2003 ndani ya godauni la Industrial Area, na Kibera kuna Kounkuey Design Initiative waliokaa na wakazi wakatengeneza viwanja vya umma kando ya mto. Enda uangalie uone watu wanavitumia aje saa kumi shule zikitoka.

SWALI: Nimeshapata studio naiamini. Niwalipe vipi nisije nikaumia? Baba wa Umoja

JIBU: Kwa hatua, na kila hatua iandikwe utapokea nini. Sketchi, michoro ya kaunti, michoro ya kujengea pamoja na ya injinia, halafu usimamizi. Hiyo ya mwisho wengi wanaikata ili waokoe pesa, na ndiyo ningekuomba usiikate hata kama itabidi upunguze chumba, kwa sababu chuma kikishafunikwa na zege hakuna mtu atajua kilikuwa cha unene gani. Andikeni msanifu atakuja saiti lini hasa: kabla zege ya msingi, kabla slabu, wakati wa lenta, ile bimu ya juu ya milango na madirisha, kabla paa kufungwa. Gharama zikadiriwe na mkadiriaji wa ujenzi, yule wanamwita QS, sio na fundi kwa kichwa.

Upande wa kontrakta, zuia sehemu ya pesa yake mpaka kipindi cha kasoro kiishe, kwa kawaida ni miezi sita baada ya kukabidhiwa, na ukiweza kipange kiangukie msimu wa mvua maana ubovu wa paa huonyeshwa na mvua. Siku ya mwisho msanifu aje na orodha yake, mfungue kila mlango na kila bomba, na yale yote yaliyoandikwa yarekebishwe kwanza kabla kontrakta hajapewa ile pesa iliyobaki.