Waulize Wajuzi: Reli ya kasi ya Pwani ipite wapi?

Swali: Assalaam aleikum, Mzee. Mimi naishi Mtwapa, kazi yangu iko kisiwani, na foleni ya Daraja la Nyali imenichosha. Mdogo wangu ni baharia. Meli yao ilitia nanga Tangier, Moroko, akapanda treni mpaka Casablanca kwa saa mbili na dakika kumi, na tangu arudi hana hadithi nyingine. Sasa barazani kwetu ni mjadala mtupu. Kwa nini Pwani yetu isichorewe reli kama ile, kutoka Mombasa mpaka Malindi na Lamu, ipite ufukweni watalii wajionee bahari? Yawezekana, ama tunaota? — Msomaji, Mtwapa

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Yawezekana, ila mmeanza na kasi kabla ya kuuliza vituo. Mimi nimepima ardhi ya Pwani maisha yangu yote ya kazi, na swali lako nimelisubiri muda mrefu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Treni aliyopanda mdogo wako inaitwa Al Boraq. Ilizinduliwa Novemba 2018, ikawa ya kwanza ya mwendo kasi barani Afrika, na hufikia kilomita 320 kwa saa. Kabla yake safari hiyo ilichukua saa nne na dakika 45. Sasa muulize mdogo wako treni ilisimama wapi. Baina ya Tangier na Kenitra, zaidi ya kilomita 180, haisimami popote, na hapo ndipo inapokimbia. Kuanzia Kenitra mpaka Casablanca inapita kwenye reli ya kawaida iliyoboreshwa, na mwendo unashuka kwa nusu.

Chukua sasa Mombasa na Malindi. Kwa barabara ni kilomita 120 hivi. Treni ya kilomita 160 kwa saa, isiposimama, itazimaliza kwa dakika 45. Ya kilomita 300 itazimaliza kwa dakika 24. Umeokoa dakika 21. Lakini treni ya 300 yahitaji zaidi ya kilomita kumi ili kuikusanya kasi hiyo, na kilomita nyingine kadhaa za kuipunguza. Weka vituo Mtwapa, Kilifi na Gede, kabla ya Malindi yenyewe, na kila mara itakuwa haijamaliza kupandisha mwendo inaanza kushika breki. Zile dakika zimeliwa na vituo, lakini bili ya umeme iko palepale, maana kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Na vituo hivyo hatuwezi kuviruka. Wewe wa Mtwapa ukiona treni inakupita mbio bila kusimama, itakufaa nini?

Kwa hiyo maoni yangu ni treni ya umeme ya kilomita 160 mpaka 200 kwa saa. Majirani zetu Watanzania wameianza tangu 2024 baina ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa 160. Hii SGR yetu, iliyofunguliwa 2017, inatumia dizeli na abiria huenda 120. Si reli ya mwendo kasi, ingawa wengi huiita hivyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo nalisema kwa nguvu zangu zote: kona zichorwe pana tangu siku ya kwanza. Treni hununuliwa nyingine. Kona ikishajengwa imejengwa. Japani walifungua reli ya Tokyo mpaka Osaka Oktoba 1964, kwa kilomita 210 kwa saa, maajabu ya wakati ule. Kona zake zilichorwa kwa nusukipenyo cha mita 2,500. Reli iliyofuata, ya kutoka Osaka kwenda magharibi, walichora mita 4,000. Leo treni ileile ikitoka Tokyo inaishia 285, ikivuka Osaka inapanda mpaka 300. Ile ya kwanza imezungukwa na miji, hakuna pa kuinyoosha. Sisi Kikambala bado ina nafasi, na nyuma ya Kilifi bado ni mashamba. Tukitenga njia sasa yenye kona za mita 4,000, wajukuu wetu wataleta treni waitakayo. Tukingoja, kila mahali patakuwa ploti na magorofa, na kona tutakazopata ni zile watakazotuachia wajenzi.

Ufukweni, hapana. Najua mngependa dirisha linaloangalia bahari. Huko utavuka hori za Mtwapa na Kilifi karibu na midomo yake, uingie hori ya Mida na kukata mikoko, na kote uwe unalipa hoteli na nyumba zenye ardhi ya bei ya juu kuliko yote Pwani. Halafu kuna jiwe lenyewe la matumbawe. Nimesimama kando ya mashine ya kutoboa ardhi, mwendeshaji anaongeza fito baada ya fito, jiwe linatoka limesagika jeupe kama unga. Mara fito zinazama peke yao, mashine haisikii uzito wowote, na maji ya kutobolea hayarudi juu. Hapo chini ni pango. Unasogea hatua chache, unatoboa tena, jiwe ni zima. Reli ya kasi haivumilii ardhi inayodidimia hata kidogo, kwa hiyo kila nguzo itataka matundu yake ya majaribio, na mapango mengine kujazwa zege.

Ningeipitisha kilomita mbili tatu nyuma ya barabara kuu, upande ambao Mtwapa na Kilifi zinapanuka. Ukisogea bara zaidi unafika kwenye makaya ya Wamijikenda, Rabai, Kambe, Ribe, Kauma, misitu yenye makaburi ya wazee, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Huko asiguse mtu. Penye shida ya kweli ni Gede. Magharibi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, mashariki kuna hori ya Mida, na katikati barabara, vijiji na magofu, ambayo nayo yaliingia UNESCO 2024. Pale reli ifuate ukanda wa barabara na treni ipunguze mwendo. Dakika tatu nne zikipotea, zipotee.

Baada ya Malindi mambo ni mengine. Watu wachache, na mito miwili, Sabaki na Tana. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliwahamisha watu wengi wa Tana. Ukijenga tuta kukatisha delta ile, umejenga bwawa, na vijiji vya Wapokomo na Waorma vilivyo upande wa juu wa mto vitakuwa ndani ya maji. Reli ipande juu ya nguzo, kama Wamoroko walivyofanya kwenye bonde la Hachef kwa daraja la kilomita tatu na nusu. Ni gharama kubwa, na abiria peke yao hawatailipa. Lamu itangoja mizigo ya bandari yake.

La mwisho kwako ni stesheni. Reli ya SGR iliishia Miritini, bara, na abiria wa kisiwani akawa anamalizia safari kwa matatu kupitia Changamwe. Hii nyingine isirudie hayo. Mtwapa stesheni iwe pale mtu anapoweza kutoka steji kwa miguu.

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi Mombasa. Chumvi ya bahari haitaila reli na nyaya za umeme? — Msomaji, Changamwe

Jibu: Marahaba, mwanangu. Uso wa juu wa reli si tatizo kubwa, magurudumu huusugua kila siku. Angalia vikombe vya kuzuilia umeme kwenye nguzo: chumvi ikiganda na unyevu ukiingia, umeme hupita juu yake na njia hukatika. Wakati wa kusi vitahitaji kuoshwa mara kwa mara. Angalia pia nondo ndani ya zege, zifunikwe unene wa kutosha. Kisiwa cha Hainan, China, kimezungukwa chote na reli ya kasi tangu 2015, kwenye hewa ya bahari na vimbunga. Soma wanavyoitunza.

Swali: Kaka, mimi ni mama wa Takaungu. Nalima shamba alilolilima babu yangu, hatuna hatimiliki. Vijana wamekuja wanasema reli inakuja, serikali itachukua bila kulipa, bora niwauzie wao sasa. Nifanye nini? — Msomaji, Kilifi

Jibu: Dada, usiuze. Serikali ikitaka ardhi haitumi vijana. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza nia yake katika Gazeti Rasmi la Kenya, na angalau siku 30 baada ya tangazo ndipo tarehe ya kikao cha kusikiliza madai inapangwa. Anayedai huwasilisha dai lake kwa maandishi kabla kikao hakijapita. Na kukosa hatimiliki si kukosa kila kitu: kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu fidia kwa mtu anayekaa kwenye ardhi kwa nia njema bila hati.

Lakini ushahidi ni wako kuutafuta, na uanze mapema. Hesabu minazi, mikorosho na miembe, mti mmoja mmoja, uandike na umri wake. Piga picha za nyumba, kisima na makaburi. Peleka orodha kwa chifu aigonge muhuri pamoja na tarehe, wazee wawili wanaoijua mipaka watie sahihi, na nakala moja isikae nyumbani kwako. Vijana wale wakirudi, waombe nambari ya tangazo la Gazeti Rasmi.