Muulize Fundi: Simu inayokataa kidole chenye piko

Asalaam aleikum, Fundi. Kazi yangu ni kupaka hina na piko. Msimu wa harusi ukiingia, simu hainijui tena: naweka kidole, yatetema na kukataa, na bibi harusi aningoja. Kijana wangu ameisetia ikae wazi muda wote niwapo nayo mwilini. Ni raha, lakini dada yangu asema najitafutia balaa. Nimsikize nani?
*Mpaka hina, Majengo*

Waaleikum salaam, mama. Msikize dada yako, ingawa kijana naye alikuonea huruma tu.

Tuanze na kidole. Kihisi kilicho kwenye kitufe cha ubavuni au mgongoni mwa simu husoma chaji ndogo ya umeme kwenye matuta na mabonde ya ngozi, hivyo rangi yenyewe haikishughulishi. Kinachokivuruga ni hina iliyogandia, mafuta ya karafuu, na ngozi iliyokakamaa kwa ndimu na sukari. Zile simu zinazosoma kidole chini ya kioo kwa mwanga ni habari nyingine: zinapiga picha, na piko nzito huficha mistari.

Watu husajili kidole siku simu ni mpya na mikono imeoshwa ikatakata. Wewe kisajili ukiwa kazini, na madoa yako. Simu ikikubali, kiandikishe kidole hicho hicho mara mbili, kikiwa safi na kikiwa kimechafuka. Kisha ongeza kidole kidogo cha mkono usioshika koni. Hicho mara nyingi husalimika.

Sasa hicho kipengele alichokiwasha kijana, cha kuiacha simu wazi ikiwa mwilini. Google walikileta kwenye Android mwaka 2015. Ukishafungua simu mara moja, vihisi vya mwendo vikiona bado inabebwa, haijifungi. Ukiiweka mezani, inajifunga. Tatizo ni kwamba inajua inabebwa, haijui na nani. Fikiria unashuka feri Likoni jioni, umati unasukumana kupanda ule mteremko, mtu akuchopolea mkobani. Yeye naye anatembea. Kwa simu, safari inaendelea, na meseji zako zote ziko wazi mbele yake. M-Pesa itamdai namba yake ya siri, ndiyo, lakini wangapi wameihifadhi namba hiyo humo humo kwenye simu, kwa jina la "Siri"? Nimeziona hapa kibandani, tena si za wazee.

Kizime leo kipengele hicho. Badala yake, kama simu yako ni Android 10 au zaidi, tafuta kwenye mipangilio kinga ya wizi, iliyoanza kutolewa 2024: ikihisi imenyakuliwa na mtu akatimka nayo, inafunga kioo yenyewe. Si kila mnyakuo itaugundua, lakini angalau hii inaushuku mwendo badala ya kuuamini.

Na namba ya kufungulia iwe ya tarakimu 6. Simu ikizimwa na kuwashwa haikubali kidole, inataka namba, kwa hivyo kufuli lenyewe hasa ni hilo. Tarakimu 4 zina michanganyiko 10,000. Sita zina 1,000,000. Mwaka wa kuzaliwa usiuguse. Weka namba ya siri kwenye laini pia, isije ikachomolewa ikatiwa simu nyingine.

Fundi, simu yangu yajipunguza mwanga mchana kweupe, ramani siioni. Je, kioo kimekufa?
*Dereva wa tuktuk, Bamburi*

Hakijafa, kaka. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, simu hujifunza mwanga unaoupenda kwa kutazama unavyouongeza na kuupunguza. Lakini kwanza angalia hicho kioo cha kubandika: kihisi cha mwanga kwa kawaida kiko juu karibu na kamera ya mbele, na vibandiko vyenye ukingo mweusi hukiziba, simu ikadhani ni usiku. Kibandue. Ikibaki vile vile, ongeza mwanga kwa mkono ukiwa juani, siku chache mfululizo, itashika. Ukiona bado, zima huo mwanga wa kujirekebisha uweke wako, ila betri italiwa haraka, kwa hivyo tembea na chaja.