Jibu: Siku mbili tu, watoto watatu, twende wapi kutoka Dar?

Dada, pole kwa msimu wa kufunga hesabu. Umesema mna Jumamosi na Jumapili tu, na mume hataki kuendesha gari. Basi nendeni Morogoro kwa treni ya SGR, yaani reli ya kisasa.

Sisi tuliamua Ijumaa usiku, baada ya miezi miwili ya kurudi nyumbani watoto wameshalala. Nilikata tiketi kwenye simu, tukabeba begi moja. Treni hiyo ilianza safari 2024, na kufika Morogoro ni chini ya saa mbili. Watoto hawakubanduka dirishani. Kituo kiko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo tafuteni bajaji au teksi.

Hoteli tulipata siku hiyohiyo. Jumapili alfajiri tukapanda Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo ubavuni mwa milima ya Uluguru. Njia inapita katikati ya mashamba ya mboga, na mtapishana na akina mama wanaoshuka na mizigo kichwani kuelekea sokoni. Mtoto wangu mdogo wa miaka minne alibebwa nusu ya njia, ila juu kule kuna baridi tamu na mji wote unauona chini. Mume wangu alikaa kwenye jiwe, akaongea na mwanawe wa kwanza karibu saa nzima. Sikumbuki mara ya mwisho kuwaona hivyo.

Bebeni masweta na viatu vya kufunga. Tiketi ya kurudi kateni mapema, maana Jumapili jioni treni hujaa.